Upinde wa Waboni na Katazo la 1977

Katika msitu wa Boni, upande wa Garissa na Lamu, Waboni waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu tangu zamani za mababu. Mwenye gobori hupima baruti, hushindilia risasi, na hujaribu shabaha kabla ya kuingia porini. Kwani akikosa, mnyama hutoweka kabla hajashindilia tena. Mwenye upinde naye hana budi kunyosha mishale yake na kuujaribu ugwe. Silaha hizi mbili zina sharti moja: mwindaji amkaribie mnyama, asome nyayo, aujue upepo.

Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Katazo hilo halikumbagua tajiri aliyetafuta pembe na Mboni aliyetafuta kitoweo.

Je, ujuzi ule nao upotee? La. Huko Ishaqbini, Ijara, wananchi wanamhifadhi hirola, mnyama adimu ambaye asili yake ni mpakani mwa Kenya na Somalia. Kazi hiyo yahitaji macho yasomayo nyayo. Ajuaye kumfuata mnyama ili amwue aweza kumfuata ili amlinde. Basi vijana na wajifunze, wazee wangali hai.