Mshipa Upi? Lugha ya Mgonjwa katika Mafunzo ya Udaktari wa Neva

Miongoni mwa matawi ya utabibu, ni machache yanayoitegemea lugha kama tawi la maradhi ya ubongo na neva. Daktari wa mifupa huweza kuupiga picha mguu uliovunjika akaamua la kufanya hata kama mgonjwa hasemi neno. Daktari wa neva huanza kwa kusikiliza. Udhaifu ulianza lini? Ulikuja ghafla au ulinyemelea? Ulitangulia mguuni au mkononi? Kutokana na majibu hayo hukisia mahali penye dosari, iwe ubongoni, katika uti wa mgongo au katika neva zenyewe, kabla hajaishika nyundo yake ndogo ya kugongea goti. Picha za ubongo hufuata baadaye, na pengine hazifuati kabisa kwa kuwa mgonjwa hana fedha.

Ajabu ni kwamba lugha hiyo inayobeba mzigo wote huo haina nafasi ya maana katika mafunzo. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1967, wodi za Hospitali Kuu ya Kenyatta zikiwa ndizo darasa, mihadhara, vitabu, mitihani na faili zimekuwa za Kiingereza. Asiyekitumia ni mgonjwa. Daktari anayesomea ubingwa humhoji kwa Kiswahili, kisha humgeukia mwalimu wake na kuyaeleza yale yale kwa Kiingereza papo kwa papo. Tafsiri hiyo ndiyo inayoandikwa, na ndiyo inayotibiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili akitafsiri ukurasa mmoja wa riwaya, husahihishwa kwa wino mwekundu; mwanagenzi wa udaktari hutafsiri mwili wa mtu, na aghalabu ustadi huo ameuokota njiani.

Na maneno yenyewe si mepesi. Chukua "mshipa". Kwa Mswahili, mshipa hupitisha damu, mshipa huvuta kiungo, mshipa hupeleka hisi. Tena kuna yule anayesema ana mshipa akimaanisha ngiri, na kwa staha hataongeza neno. Mgonjwa asemapo "mkono umekufa", huenda hauna nguvu, au una nguvu ila hauhisi mguso. Kwa daktari wa neva hizo ni njia mbili tofauti mwilini. Vivyo hivyo "nilianguka". Katika lugha ya kila siku kuanguka ni kujikwaa, na pia ni kushikwa na kifafa, maradhi ambayo wengi hawapendi kuyataja kwa jina. Daktari anayeandika kwamba mgonjwa alijikwaa amesikia neno lakini hakusikia kauli. Mama naye akisema mtoto alipatwa na degedege, ametaja mitukutiko ya homa na wakati huohuo ametaja imani inayoihusisha hali hiyo na ndege. Anayeipuuza imani hiyo hatajua kwa nini mtoto alipelekwa kwa mganga kwanza.

Tatizo huzidi pale vipimo vinapoletwa vikiwa vimekwisha kushonwa kwa kimo cha lugha nyingine. Kipimo mashuhuri cha akili na kumbukumbu, chenye alama 30, kilichoandaliwa na Marshal Folstein na wenzake nchini Marekani mwaka 1975, humtaka mgonjwa ataje majira ya mwaka na aliendeleze neno moja la Kiingereza kinyumenyume, herufi kwa herufi. Mzee wa Pwani aliyekulia mchezo wa kinyume amezoea kuhamisha silabi, wala si herufi. Ukimwuliza saa, atajibu saa nne ilhali saa ya ukutani inaonyesha kumi, naye yu sahihi. Kuna pia kipimo cha kuitaja miezi kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kinachokusudiwa kupima umakini. Kwa anayesema "mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja", hiyo ni hesabu ya kurudi nyuma tu. Siku za juma nazo hazisaidii: kutoka Jumatano hadi Jumamosi ni kuhesabu tano mpaka mosi. Kipimo kimebadilika bila yeyote kukibadilisha.

Kisha lipo suala ambalo ni la wanaisimu hasa. Tangu Paul Broca alipomweleza mgonjwa wake wa "tan" huko Paris mwaka 1861, imejulikana kwamba kuumia kwa sehemu fulani ya ubongo huweza kuharibu usemi. Wasemaji wa Kiingereza wenye afasia ya namna hiyo mara nyingi huangusha viambishi vya mwisho na kubakia na umbo ambalo bado ni neno. Mzizi -som- hausimami peke yake midomoni mwa Mswahili. Je, mgonjwa wa kiharusi wa Mombasa huangusha nini? Upatanisho wa ngeli? Kiambishi cha njeo? Swali hilo lingeweza kuzaa tasnifu kadhaa, na majibu yake yangemfaa daktari kesho yake asubuhi.

Idara za Kiswahili haziwezi kujitoa katika lawama. Nguvu nyingi zimetumika kubishania tarakilishi na ngamizi, huku ikidhaniwa kwamba kuifikisha lugha katika sayansi ni kuunda istilahi. Kamusi ya Tiba ya TUKI ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini orodha ya istilahi humpa daktari neno la kumwambia mgonjwa. Anachokosa ni kinyume chake, yaani faharasa inayoanzia kinywani mwa mgonjwa na kuonyesha maana zote zinazowezekana, pamoja na swali la kuuliza ili kuzitenga.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wengi hawasemi Kiswahili nyumbani. Ni kweli, na hoja hiyo inaongeza uzito. Katika kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, sauti zisizoeleweka hupewa alama 2 na usemi timamu 5. Mgonjwa anayenena Kipokomo mbele ya daktari asiyekijua anaweza kushushwa daraja kwa ujinga wa anayempima. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, ndicho daraja la karibu zaidi, maadamu daktari anajua kwamba mgonjwa huenda anatafsiri pia.

Hakuna anayedai vitabu vya neva viandikwe upya. Kinachowezekana muhula ujao ni wanafunzi wawili au watatu wa uzamili wa isimu, kwa idhini ya hospitali na ya wagonjwa, kufuatana na madaktari wanagenzi wodini wakiwa na daftari. Kazi ya kwanza iwe kutafuta mfuatano wa Kiswahili unaojulikana na kila mtu, usio na tarakimu ndani yake, wa kuchukua nafasi ya ile miezi.