Chagua mwezi kwanza, mahali baadaye
JICHO LA JUMAMOSI
Na Ilunga Mwamba, Lubumbashi

Likizo kubwa ikikaribia, Lushi nzima hugeuka kuwa wakala wa utalii. Baani Kamalondo, kwenye foleni ya benki, nje ya kanisa baada ya misa, swali ni moja: wenye siku mbili, kamera na viatu vya kutembelea waende wapi? Jibu nalo ni moja, na hutoka hata kabla swali halijaisha: Lofoi.

Sina ugomvi na Lofoi. Maji yale yanaanguka zaidi ya mita 340 kwa mruko mmoja kutoka uwanda wa Kundelungu, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, na kila mtu wa Katanga ana haki ya kujivunia. Ugomvi wangu ni na wale wanaowatuma watu huko bila kuwauliza wanaenda mwezi gani. Mvua zikikolea, Januari na Februari, maporomoko yananguruma vizuri, lakini barabara ya udongo ni tope la kunasa gari kutwa nzima. Septemba gari linapita, vumbi tupu, na ukifika unakuta mto umepungua sana na ukuta wa mwamba umebaki mkavu. Nafasi nzuri ni Mei, mvua zimekatika na mto bado una nguvu. Lakini hata Mei, mwenye siku mbili atashinda garini akienda, atashinda garini akirudi, na miguu yake itafanya kazi saa chache tu. Kundelungu ni ya mwenye wiki.

Kwa safari fupi, amua mwezi kwanza. Ukishajua mwezi, mahali panajichagua penyewe. Kwetu hapa mvua ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Novemba na Machi. Miezi inayobaki ni mikavu. Kwa hiyo msitu uleule, njia ileile, kilima kilekile, unakutana navyo vikiwa na sura nyingine kabisa kila baada ya miezi michache. Anayeuliza mahali bila mwezi ameuliza nusu ya swali.

Tuchukue Juni na Julai. Alfajiri ni baridi ya kweli, chini ya nyuzi 10, na majani marefu yamekauka yakawa ya manjano. Hewa bado safi, mchana hauchoshi, unaweza kutembea tangu asubuhi hadi jioni bila kutafuta kivuli. Hiyo ni miezi ya miguu. Agosti moto wa nyika umeshatapakaa na moshi umefunika kila upeo. Anayetaka picha za vilima vya mbali atarudi na rangi ya kijivu. Basi Agosti ifuate maji. Shika barabara ya Likasi, kilomita kama 120, uendelee hadi Ziwa Tshangalele. Ziwa hilo lilitokana na kuzuiwa kwa mto Lufira kwa ajili ya kituo cha umeme cha Mwadingusha kilichoanza kazi mwaka 1930, na eneo la Lufira liko kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za bayongahewa tangu 1982. Mitumbwi, nyavu zinazoanikwa, ndege wa majini, na jua la jioni linaloshuka jekundu kwa sababu ya moshi uleule ulioharibu picha za vilima. Bwawa lenyewe na mitambo usiielekezee kamera hata kidogo. Sababu nitaieleza.

Mwezi wangu mimi ni Septemba, na mahali pake pako karibu kiasi kwamba watu wanapadharau: upande wa Kipopo na Luiswishi, chini ya kilomita 30 kutoka posta. Mvua haijanyesha hata tone, ardhi ni nyeusi kwa majivu, na juu ya majivu hayo miombo inachipua. Majani machanga hayatoki na rangi ya kijani. Yanatoka mekundu, ya waridi, ya rangi ya shaba, laini, yananing'inia kana kwamba hayajapata mfupa. Yapige picha jua likiwa nyuma yake, kabla ya saa tatu asubuhi, na kila mshipa wa jani utaonekana. Baada ya wiki chache yote yamekuwa kijani na mtu aliyechelewa hatakuamini.

Kisha angalia vichuguu. Msitu wa kandokando ya mji huu una vichuguu virefu kuliko nyumba, na miti inayoota juu yake si ile ya msitu unaovizunguka, kwa sababu mchwa wamepandisha udongo wa aina nyingine kutoka chini. Karibu na vijiji utakuta kichuguu kimekatwa wima upande mmoja kwa jembe, tabaka zinaonekana, na pembeni matofali mabichi yamepangwa yakingoja kuchomwa. Sehemu kubwa ya mitaa yetu ya Katuba na Kenya imejengwa kwa udongo wa namna hiyo. Picha moja ya hapo inaeleza Lubumbashi kuliko picha kumi za bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines.

Wapigapicha wetu wakubwa wamelipa bomba na magofu ya mgodi haki yake. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978 na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Picha, tamasha la picha la mji huu lililoanza 2008, ameyafikisha makumbusho ya dunia. Aliwahi hata kufuata nyayo za msafara wa Charles Lemaire, uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900 ukiwa na mpigapicha na mchoraji wake. Lakini miombo ya nyuma ya nyumba zetu bado inangoja mwenye subira.

Sasa lile la kamera. Nchi hii bado inamtilia shaka mwenye kamera. Madaraja, mabwawa, viwanja vya ndege, kambi, askari, uzio wa mgodi: hayo yote usiyapige, uwe na karatasi au usiwe nayo. Na migodi inasogea. Njia iliyokuwa wazi mwaka jana, mwaka huu inaweza kuishia kwenye lango la kampuni na mlinzi asiyetaka maelezo. Luiswishi yenyewe ina mgodi. Watu wanaojua njia zilizo wazi ni wale wa baiskeli za makala (mkaa), wanaoingia mjini alfajiri wakisukuma magunia marefu kuliko wao. Waulize hao kabla ya kuuliza simu yako.

Ukifika kijijini, nenda kwa chifu kwanza. Salimu, kaa, sema unatoka mtaa gani, toa sukari na sabuni, omba kijana wa kukuongoza na umlipe vizuri. Ukimkuta mchoma makala kwenye tanuri lake la udongo, weka kamera begani na uongee naye. Yeye anadhani umetumwa kumtoza. Akishajua hukutumwa na mtu, mara nyingi yeye mwenyewe atakuonyesha mahali pazuri pa kusimama.

Na hapo ndipo safari fupi inapokuwa na maana kubwa kuliko burudani. Umeme unakatika, mji unapikia makala, na kila mwaka msitu mzima unaanza mbali zaidi. Utaukuta mti wa mukula umebaki visiki, kwa kuwa mbao zake nyekundu zilishasafirishwa. Matajiri wetu wamejizoesha wikendi ya shamba lenye geti, bwawa la kuogelea na nyama choma, na wengi hawajawahi kutembea saa moja msituni. Tusichokipitia kwa miguu hatutakitetea barazani. Andika tarehe na jina la kijiji kwenye kila picha; baada ya miaka kumi hiyo si kumbukumbu ya likizo tena, ni ushahidi.

Basi wanaoniuliza mwaka huu wana jibu langu: wiki ya pili ya Septemba, upande wa Kipopo. Tokeni mjini gizani, bebeni maji mengi na bukari ya jana, tembeeni hadi jua likaze, pumzikeni kwa chifu, mrudie njia ileile jioni mwanga wa jua ukiwa upande wa pili. Mafuta ya gari mliyookoa kwa kutokwenda mbali, mpeni kijana aliyewaongoza. Na asiyeridhika aniandikie, akiambatanisha picha zake.