Aya ya 11 na Inayofuata

Baada ya sala ya Isha, mzazi mmoja alinivuta kando barazani pa msikiti akanionyesha picha aliyoikuta katika simu ya mwanawe: Rais amelazwa ndani ya jeneza. Ilikuwa picha ya kutungwa kwa kompyuta. Akaniuliza, "Nimsomee nini, ustadhi?"

Nilimwambia amsomee aya ya 11 ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Mauti si jambo la kuchezewa, na jeneza litatubeba sote. Kijana wa Kiislamu anayemzika mtu hai ili wenzake wacheke amekosa adabu, hata kama mtawala huyo amemkera. Hilo silifichi.

Lakini hofu ya mzazi yule haikuwa ya adabu pekee. Desemba 2024, hapa Kenya, vijana kadhaa walitoweka baada ya kusambaza picha za namna hiyo kumhusu Rais Ruto. Polisi walikana kuhusika. Rais mwenyewe aliahidi kuwa utekaji utakomeshwa, na mwanzoni mwa Januari 2025 baadhi yao wakarejea kwa mama zao. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24. Ikiwa picha ni kosa, hakimu wa dola yupo. Naye huhukumu mchana, mbele ya watu.

Wapo wenzetu wanaoisoma aya ya 11 kisha wakaufunga msahafu. Aya inayofuata inakataza dhana mbaya na kupelelezana, wala haikuwatenga wenye mamlaka na katazo hilo. Naye Mtume (s.a.w.) alilihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni katika jihadi iliyo bora. Kejeli si neno la haki, nakubali. Ila pale ambapo mtu hutekwa kwa ajili ya kejeli, mwenye neno la haki atathubutu vipi kufungua kinywa?

Ijumaa iliyofuata mzazi yule aliniarifu kuwa mwanawe ameifuta picha kwa hiari yake. Kisha akataka kujua kama kuifuta kunatosha, maana kijana alikwisha kuwatumia wenzake. Sikuwa na jibu la kumpa.