Madoa meupe si ukoma, wala hayaambukizi



Juma hili tunazungumza juu ya ngozi. Kuna ugonjwa ambao kwa kawaida hauumi, haumzuii mtu kulima wala kuzaa, lakini unavunja ndoa na kuwatoa watoto shuleni. Ni madoa meupe yanayotokea kwenye vidole, kuzunguka midomo na macho, kwenye magoti na viwiko, kisha yanaenea polepole. Waswahili wa pwani huyaita mbalanga. Hospitalini jina lake ni vitiligo. Hapa kwetu wengi wanatazama mara moja tu na kusema: ukoma, au bibembe. Wengine wanasema ni ulozi, au mwiko wa ukoo umevunjwa. Tangu siku hiyo sahani ya mtu huyo inawekwa pembeni, kikombe chake hakiguswi, na mtoto wake anakaa peke yake kwenye benchi la darasa.

Tuseme wazi kabla ya yote: vitiligo haiambukizi. Haipiti kwa kushikana mikono, kwa kula bugali katika sahani moja, kwa kulala kitanda kimoja, kwa kunyonyesha, wala kwa kuazimana kikwembe.

Sasa inatoka wapi? Katika ngozi ya kila mtu kuna chembe ndogo sana zinazotengeneza rangi yetu. Rangi hiyo inaitwa melanini. Ndani ya mwili kuna chembe nyingine ambazo kazi yao ni ulinzi: zinapigana na vijidudu vinavyotaka kutuumiza. Kwa mtu mwenye vitiligo, walinzi hao wanakosea. Wanaziona chembe za rangi kama adui na kuziua. Pale zilipokufa, ngozi inabaki nyeupe kama chaki. Ni kama mlinzi wa usiku anayempiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Magonjwa ya mwili kujipiga wenyewe ni mengi. Mengine yanashika viungo, mengine nywele, mengine tezi ya shingo. Ndiyo sababu munganga akiona vitiligo anaweza kuuliza pia habari za shingo yako, kama imevimba au kama unachoka bila sababu.

Duniani, karibu mtu 1 kati ya 100 au 200 ana vitiligo, na nusu yao hivi walianza kabla ya kufikisha miaka 20. Inashika watu wa kila rangi na kila kabila, matajiri na maskini. Michael Jackson, ambaye nyimbo zake wengi wetu tunazijua, alisema kwenye televisheni mwaka 1993 kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Watu wengi hawakumwamini. Alipokufa mwaka 2009, waganga walipima mwili wake wakakuta kweli ilikuwa vitiligo.

Tunapenda mjue pia kwamba mmoja wa watafiti wakubwa wa ugonjwa huu alikuwa Mwafrika. Jina lake Abdel Monem El Mofty, munganga wa ngozi wa Cairo, Misri. Kandokando ya mto Nile kunaota jani ambalo wazee wa Misri, tangu karne nyingi, waliwapa unga wake watu wenye madoa meupe, kisha wakawaweka juani. El Mofty hakusema dawa ya wazee ni ujinga, wala hakusema ni nzuri kwa kuwa ni ya wazee. Alipima. Wanakemia wa Misri walitoa ndani ya mmea ule kiini chenye nguvu, yeye akakijaribu kwa wagonjwa wake, akaangalia nani amepata rangi na nani ameungua, na mwaka 1948 akatangaza alichoona. Kutoka hapo ikazaliwa namna ya kutibu kwa dawa pamoja na mwanga uliopimwa, na hospitali nyingi za dunia zikaifuata.

Neno la kushika hapo ni kupima. Mmea ule ule, ukizidishwa, unaunguza ngozi vibaya. Na sisi tunao mfano wa karibu: maji ya ndimu. Ukiyapaka kwenye doa kisha ukatoka juani, unaweza kupata malengelenge na alama nyeusi za miezi mingi. Basi tusiwapake watoto ndimu, wala majani tusiyoyajua, wala maji ya betri, wala dawa ya kufulia.

Utafiti haujasimama. Mwaka 2022 Marekani ilikubali dawa ya kwanza ya kupaka iliyotengenezwa ili kurudisha rangi kwa wagonjwa wa vitiligo. Inaitwa ruksolitinibu. Inawatuliza wale walinzi waliokosea. Ni dawa ya bei kali sana. Kwa hiyo mtu akikuambia sokoni kwamba anayo kwenye kopo lisilo na karatasi, usiuze mbuzi wala ng'ombe kwa ajili yake.

Na hapa tunataka kusema juu ya mafuta ya kujieupisha, kwa sababu wengine wenye madoa wanayapaka ili mwili wote ufanane, na wengine wasio na madoa wanayapaka kwa urembo. Mwaka 1939, huko Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama waliota madoa meupe mikononi. Walipochunguzwa, ilikuwa ni dawa iliyochanganywa katika mpira wa glavu zao, ndugu wa dawa zilizomo katika mafuta mengi ya kujieupisha. Mwaka 2013, huko Japani, kampuni moja iliondoa sokoni mafuta yake ya kung'arisha uso, kwa kuwa maelfu ya wanawake walikuwa wameota madoa meupe. Dada, mafuta yanayofukuza rangi yanaweza kukuletea madoa ambayo hukuwa nayo.

Lakini si kila doa ni vitiligo, na hapa mama anapaswa kuangalia vizuri. Doa la vitiligo ni jeupe kabisa, ni laini, na linahisi kila kitu. Doa la ukoma mara nyingi halifiki weupe wa chaki: limepauka tu au ni jekundu kidogo, na mara nyingi halihisi. Mwambie mtoto afumbe macho, mguse polepole kwa pamba. Asipojua umegusa wapi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kungoja. Hata akihisi, bado mpeleke, maana pamba peke yake haitoshi kumaliza neno. Madoa yenye magamba membamba kifuani na mgongoni mara nyingi ni ukungu wa ngozi, na dawa yake ni rahisi. Madoa kwenye muundi wa mtu aliyeishi miaka mingi kando ya mito yenye inzi wadogo weusi yanaweza kuwa ya ugonjwa wa upofu wa mto.

Na hata ukoma usitufanye tumfukuze mtu. Dawa zake zinatolewa bure duniani tangu mwaka 1995, matibabu ni miezi 6 au 12, na mgonjwa akishaanza kuzimeza, upesi haambukizi tena. Anayefichwa nyumbani kwa aibu ndiye anayekatika vidole.

Tunajua mtauliza: munganga wa ngozi tutamtoa wapi, wakati njia zimefungwa na Goma ni mbali? Swali hilo waliliona pia wenzetu wa Tanzania. Mwaka 1992, mjini Moshi, kilifunguliwa chuo cha magonjwa ya ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, na kazi yake kubwa imekuwa kuwafundisha wahudumu wa afya, kwa sababu ngozi ya mwanakijiji inaonwa kwanza na mwuguzi wa karibu. Basi na sisi tuanzie hapo: kituo cha afya kwanza, kisha hospitali kuu kama mwuguzi atatutuma.

Nyumbani, fanyeni hivi. Sehemu nyeupe haina kinga ya jua, na jua la milimani huunguza hata wakati wa baridi: kofia, mikono mirefu, kikwembe juu ya mabega shambani. Jikingeni na mikwaruzo, kwa maana kwa watu wengine doa jipya huanza penye kidonda. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mume na mke waendelee kulala pamoja.

Na kwa wenzetu walimu: mtoto mwenye madoa asikae benchi la nyuma peke yake. Elezeni darasa zima habari ya mlinzi aliyekosea, watoto wataielewa upesi kuliko wakubwa. Darasa likikwisha kuelewa, halitamcheka tena.

Katika mkutano ujao wa shirika, kila kikundi kilete jibu la swali hili: katika kijiji chetu au katika kambi yetu, nani anakula peke yake kwa sababu ya ngozi yake? Hatutaki majina yatajwe mbele ya watu. Tunataka mama wawili waende kumtembelea, wakae naye, na wale naye katika sahani moja.