MTOTO NAYE APEWE NURU



Sisi wa karakana ya reli twajua ya kuwa mkereza vyuma hawezi kazi gizani. Ndiyo sababu karakana nyingi za zamani zilitiwa vioo katika paa. Chuma hupewa nuru kisiharibike. Je, mtoto?

Mwezi uliopita tuliitwa kutazama darasa jipya tulilolichangia sisi wazazi. Mabati mapya, rangi mpya, hotuba nyingi. Tukaketi dawati la nyuma. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali nje, nasi hatukuweza kusoma kitabu cha darasa la pili. Madirisha ni mawili, madogo, upande wa magharibi. Asubuhi ni giza. Alasiri jua lapiga ubao hata maandishi hayaonekani. Tukaambiwa taa zitawekwa. Bili atalipa nani? Na umeme ukipotea?

Nuru ya mchana hupimwa. Wataalamu hulinganisha nuru ya ndani na ya nje siku ya mawingu. Ya nje ikiwa 100, ya mezani pa mtoto isipungue 2. Uingereza iliweka kipimo hicho kwa shule zake mwaka 1945. Nasi tusio na chombo twaweza kujaribu: keti dawati lililo mbali na dirisha. Usipoona hata kipande cha mbingu, mtoto wa hapo yu gizani.

Hapa kwetu Ikweta yapita katika nchi. Jua hutoka mashariki, hupita juu ya paa, huzama magharibi. Basi kuta zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Dirisha lifike karibu na dari, maana likiwa refu nuru huingia mbali. Upenu uzuie jua kali, na kuta za ndani ziwe nyeupe.

Wako wasemao madirisha ni gharama, tena huingiza wezi. Wezi twawajua. Lakini mtoto asiyeona ubao huitwa mjinga, mwisho huacha shule. Huo nao ni wizi, na aliyeibiwa hana pa kushtaki.

Basi kila mwanachama, kabla ya kutoa shilingi yake, aombe kuona ramani na aulize madirisha yako wapi. Mchangaji ana haki hiyo.

Na darasa lile lingali laweza kuponywa. Waashi tunao miongoni mwetu. Kamati ya shule ikikubali, tutakuja Jumamosi na nyundo na patasi, bila malipo.