Mwamko Upo, Risiti Iko Wapi?

Shangazi yangu ana miaka 62. Asubuhi moja huko Bunda nilimsikia akimpa shikamoo mwalimu anayelingana na kitinda mimba wake. Kijana akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye simu. Tulikuwa tumekwenda kuuliza kwa nini mjukuu wake wa darasa la tano amerudishwa nyumbani siku tatu mfululizo, kisa hela ya mlinzi na rimu ya karatasi.

Nilisema mimi. Nina shahada, nazijua nyaraka, na nilitaja jina la mtu ninayefahamiana naye halmashauri. Mtoto akaingia darasani saa ileile. Nilitembea kifua mbele hadi barabarani, ambako shangazi aliniuliza: "Mwanangu, ukisharudi Mwanza, nitakuja na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsaidia mtoto mmoja kwa kujuana, na bibi yake nikamwacha palepale nilipomkuta.

Kwenye semina nyingi nilizohudhuria Musoma, kati ya soda na chapati, kuna sentensi isiyokosekana: wazazi wa Mara hawana mwamko wa elimu. Sisi tuliosoma tunaipenda, maana inatutoa lawamani. Lakini mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kufuata dagaa Guta ili anunue daftari na sare amelala wapi? Mwamko anao. Asichokuwa nacho ni mahali pa kuuliza swali shuleni bila kuonekana mkorofi, na bila hofu kwamba mjukuu wake ndiye atakayelipia ujasiri huo.

Kila Oktoba 14 tunamkumbuka mwana wa Butiama. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma. Baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mtoto wa chifu hakukosa wa kumsemea. Mjukuu wa muuza dagaa ana nani?

Kwenye karatasi, anayo serikali nzima. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mzazi alibakiziwa sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango hadharani na kutaka mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Hata kiboko kina mipaka: kanuni za 2002 zinaruhusu visizidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyempa idhini ya maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Ni wazazi wangapi wamewahi kuambiwa kwamba kitabu hicho kipo?

Nijuavyo, mwalimu mmoja atasoma hapa na kukasirika. Ana haki. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo ni 6,000 tu zinazopelekwa moja kwa moja shuleni. Shule ya watoto 800 inapata milioni 4.8, yaani laki nne kwa mwezi, na humo kuna chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Mwalimu mkuu anaishiwa. Basi atuambie ameishiwa! Atubandikie hesabu kwenye ubao wa matangazo, twende naye kwa diwani na kwa mkurugenzi. Anapomrudisha mtoto nyumbani, deni la Dodoma analipishwa mtoto wa Bunda.

Safari ya pili sikusema. Jioni mbili tulikaa uani na shangazi, nikamsomea waraka, naye akanisimamisha kila penye neno la kiofisi hadi nilipolisema kwa lugha ya watu. Alichagua maswali matatu ya kwenda nayo: nani alipitisha mchango huu, muhtasari wa kikao uko wapi, na risiti iko wapi.

Kwenye kikao cha wazazi alisimama, mikono ikitetemeka kidogo, akauliza yote matatu. Kimya. Kisha baba mmoja aliyekaa nyuma akasema hata yeye hajawahi kuona risiti. Mwingine akauliza wajumbe wa kamati ya shule walichaguliwa lini. Mchango wa mlinzi ukarudishwa kujadiliwa upya. Wa uji ulikubaliwa siku hiyohiyo kwa hiari, kwa sababu wazazi walipanga wenyewe kiasi, wakaruhusu asiye na hela alete mahindi, na wakakubaliana kwamba atakayeshindwa mtoto wake asiguswe.

Kwa hiyo msiniambie habari za mwamko. Likizo hii, wewe uliyesoma, ukirudi nyumbani usikimbilie kumpigia simu afisa unayemjua. Keti na mama, msome waraka pamoja, mfanye mazoezi ya maswali. Siku ya kikao nenda naye, ukae pembeni yake, na umwache aseme mwenyewe.

Shangazi bado anampa yule kijana shikamoo. Kikao kijacho, ameniambia, atakwenda na wenzake wanne wa sokoni.