Somo la Bahari Laweza Kuanzia Mlola

Wako wanafunzi wanaokariri kwamba kabonati ya manganizi hufanyika baharini, lakini wakiulizwa sababu hunyamaza. Kosa si lao. Ni letu sisi tunaofundisha tukingoja maabara.

Manganizi huyeyuka katika maji yasiyo na oksijeni. Maji hayo yakikutana na yenye oksijeni, manganizi hugeuka oksidi nyeusi na kutua chini. Ikifukiwa na matope yenye mabaki ya viumbe, bakteria huitumia oksidi hiyo badala ya oksijeni. Hapo manganizi huyeyuka tena, hukutana na kabonati itokanayo na kuoza kwa mabaki hayo, na kuganda kuwa madini. Katika vilindi vya Bahari ya Baltiki hali hii huonekana hata leo, hasa maji mapya yenye oksijeni yanapoingia, kama mwaka 1993 na 2014.

Miamba ya Usambara si ya namna hiyo. Iligeuzwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Hata hivyo kanuni ni ile ile. Mwanafunzi wa Mlola na achimbe udongo mwekundu wa mteremkoni, kisha ule wa kijivu wa bondeni, maji yanakotuama. Juu, chuma kimekutana na oksijeni kikabaki. Chini, kimeikosa kikayeyuka. Manganizi hufuata njia hiyo hiyo.

Basi tusingoje maabara. Jembe latosha kuanzia, na mitihani nayo ipime sababu, si majina matupu.